Ndoo Imerudi Tupu: Kutafuta Kosa Katika Uvuvi wa Kwenye Barafu

Msimu wangu wa kwanza wa baridi hapa Minnesota nilikwenda kuvua mara tisa nikarudi na samaki wawili, na mmoja kati ya hao nilipewa na mzee wa kibanda cha jirani (vile vibanda vya kuvulia vinavyowekwa juu ya barafu) aliyenionea huruma. Mimi ni mtoto wa Ukerewe. Nimekulia mwaloni, najua sato anavyodonoa na sangara anavyokokota, nikajiambia ziwa ni ziwa. Ilifika mahali mke wangu akawa ananiuliza mlangoni, kabla sijavua viatu: "Vipi, nitoe nyama kwenye friji?"

Yule mzee, mwenye asili ya Kifini na maneno machache, ndiye aliyenizoesha kujiuliza swali moja kabla ya kubadilisha chambo: safari imeharibikia wapi? Kuna mahali panne tu. Samaki hakuwepo chini yako. Alikuwepo, akakataa. Alikubali, nawe hukujua. Ulijua, ukampoteza njiani. Dawa ya kosa moja haitibu lingine, na wengi wetu tunachofanya ni kununua jigi za rangi saba kwa ajili ya shimo ambalo chini yake hamna kitu. (Jigi ni ile ndoano ndogo yenye kichwa cha risasi au tungsteni.)

Majina ya samaki nitayaandika tunavyoyatamka wenyewe. Wolai ni yule mrefu mwenye macho yanayong'aa kama ya paka, anayependwa kuliko wote hapa. Krapi na blugili ni wabapa, wa kujaa kiganja. Perchi ana milia. Paiki ni yule mwenye mdomo wa bata na meno ya mamba.

Kabla ya yote: barafu na sheria

Hapa sina mjadala. Idara ya maliasili ya jimbo inataka inchi 4 za barafu mpya, safi, ile unayoona ndani yake, ndipo utembee juu yake. Gari dogo linahitaji inchi 9 hadi 10, pikapu inchi 13. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo zidisha vipimo mara mbili. Pima kwa mtalimbo huku ukienda mbele, usipime ufukweni ukadhani umemaliza. Vaa shingoni vile vishikio viwili vya misumari vya kujivutia nje ukizama. Ukiwasha hita ndani ya kibanda, acha tundu la hewa, maana moshi wa sumu hauna harufu. Leseni ni lazima kwa aliyetimiza miaka 16, na kwenye barafu unaruhusiwa mishipi miwili.

Dalili ya kwanza: umekaa kwa muda wa saa nne, hakuna hata mguso mmoja

Hili ndilo kosa lililonila mimi, na nadhani ndilo linalowala wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukiwa mtumbwini, hata ukiwa mvivu, upepo unakusogeza. Mkondo unakuhamisha. Ukilala usingizi unaamka mahali pengine, na huenda hapo pengine ndipo palipo na samaki. Barafu haikufanyii hisani hiyo. Shimo ulilotoboa asubuhi ndilo hilo hilo jioni, na kama samaki wako umbali wa futi 40, ni kama wako Bukoba. Kwa hiyo kazi ya mtumbwi lazima uifanye wewe kwa miguu na keekee. Yule mzee hutoboa mashimo 12 au 15 kwa mpigo mmoja akifika, kuanzia kwenye majani ya ufukweni kwenda kilindini kwa mstari, ndipo anarudi shimo la kwanza na kuanza kushusha. Hatoboi moja, akavua, akatoboa la pili. Kelele zote anazimaliza mwanzoni, kisha ziwa linatulia.

Muda wa kukaa kwenye shimo moja? Kama una sona (kile chombo kinachotuma sauti majini na kuonyesha kina na samaki) na haionyeshi kitu, dakika tano zinatosha. Kama huna sona, kumi na tano. Huo ndio mpango wangu, na ninaushika hata kama kiti kimeshapata joto.

Kama una sona lakini "haionyeshi kitu", kagua sona kwanza. Kile kipande kinachoingia majini lazima kining'inie wima. Kikiinama kinapiga pembeni na chini inaonekana nene kama matope. Mwenzako akiwasha ya kwake hatua tatu kutoka kwako, zitagombana na utaona mistari inayorukaruka. Badilisha masafa ya sona yako au songa mbali. Na kwenye mteremko, samaki aliyelala sakafuni hujificha ndani ya alama ya chini, kwa sababu sauti inasambaa kama mwanga wa tochi na inagonga upande wa juu wa mteremko mapema. Usione patupu ukahama. Shusha jigi mpaka iguse, inyanyue futi moja, ungoje. Jambo jingine lililoniokolea nguvu nyingi: pale barafu ilipo safi bila mapovu, mwaga maji kidogo juu yake, weka hicho kipande juu ya maji, na utasoma kina bila kutoboa.

Sasa, kina kipi? Hapa ndipo ujuzi wa Ukerewe uliponidanganya. Kwetu maji ya juu ndiyo ya joto mwaka mzima. Chini ya barafu mambo yamepinduka: maji huwa mazito kuliko yote yakiwa nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo hayo ya nyuzi 4 ndiyo yanayokaa chini, na yaliyogusana na barafu yako karibu na sifuri. Samaki anayetaka afadhali ya joto anakwenda chini. Ila joto si sababu pekee.

Mwanzoni mwa msimu, Desemba, majani ya majini bado ni ya kijani na yanatoa oksijeni. Blugili, wolai na paiki wako huko, hata kwenye kina cha futi 6 hadi 12. Kufika katikati ya Januari theluji imeziba mwanga, majani yanakufa na kuoza, oksijeni inapungua sehemu za kina kifupi. Ukibaki pale pale ulipopata samaki Desemba, utakaa na shimo lako kama mjane. Wamehamia kilindini. Krapi hawakai hata sakafuni. Wanaelea katikati, mathalani futi 15 kwenye maji ya futi 30, wakifuata vijidudu vidogo vinavyoelea. Perchi wanatambaa juu ya tope. Mwishoni, Machi, theluji ikiyeyuka na maji kuingia kupitia nyufa, wanarudi ufukweni.

Hilo la tope lilinichekesha nilipolielewa. Mnawakumbuka wale wadudu wanaoinuka juu ya Ziwa Victoria kama nguzo ya moshi, ukiwa mtumbwini inabidi ufunge mdomo? Ukoo huo uko Minnesota pia. Msimu wa baridi mabuu yao yamejichimbia kwenye tope laini la chini, na perchi anachofanya siku nzima ni kuyafukua. Ndiyo maana mara nyingine eneo lililo sawa kama uwanja wa mpira, lisilo na jiwe wala jani, lina samaki kuliko mwamba mzuri unaouona kwenye ramani. Ukimpasua perchi ukakuta tumbo limejaa vijinyuzi vyekundu, umeshapata jibu la siku hiyo: kaa kwenye tope, tumia jigi ndogo nyekundu, igonge chini ivumbue kawingu ka tope, kisha inyanyue inchi tatu.

Halafu kuna saa. Desemba jua hapa linazama kama saa kumi na nusu jioni, na wolai, kwa hayo macho yake yaliyoumbwa kwa giza, huanza kula mwanga unapofifia. Mimi nilikuwa nafika saa nne asubuhi, naondoka saa kumi kuwahi zamu ya usiku kazini. Yaani nilikuwa nafunga duka wateja wanapoingia. Wavuvi wa dagaa wa kwetu wanalijua hili kwa namna yao. Hakuna anayekwenda na karabai mbalamwezi ikiwa imejaa. Kama una muda wa mchana tu, achana na wolai. Vua blugili na perchi, hao hula jua likiwa juu. Krapi wako katikati: jioni, na usiku pia.

Na mara chache kosa ni ziwa lenyewe. Kuna viziwa vifupi ambavyo mwaka wa theluji nyingi oksijeni huisha na samaki wengi wakafa. Idara ya maliasili ina ukurasa wa intaneti uitwao LakeFinder. Andika jina la ziwa uone ni samaki gani walipatikana kwenye ukaguzi na kina kilivyo. Nilikuwa nimemtafuta wolai wiki tatu kwenye ziwa ambalo hayumo.

Dalili ya pili: anakuja, anatazama, anaondoka

Kwenye sona unaona alama nyembamba inapanda kutoka chini, inaifikia alama ya jigi yako, inasimama. Halafu inashuka. Hii ni habari njema kuliko unavyodhani, maana sehemu ngumu umeimaliza.

Siku moja kwenye maji ya futi 7 nililala kifudifudi, nikajifunika koti kichwani mwanga usiingie, nikachungulia shimoni. Kila mtu afanye hivyo angalau mara moja. Chini kuna kijani hafifu kama chupa, na kila unyoya wa jani unaonekana. Akaja blugili, akasimama mbele ya jigi yangu umbali wa kidole, mapezi yakipepea kama ya ndege anayeelea. Jigi ilikuwa inazunguka. Polepole, kama feni inayozimika, ikienda kulia, ikasimama, ikarudi kushoto. Akaitazama raundi mbili, akageuza mkia. Akaja mwingine, hivyo hivyo. Juu, mkononi mwangu, kijiti hakikuwa kimetikisika na mimi ningeapa kwamba jigi imetulia tuli.

Mzunguko huo unatokana na mshipi uliojipinda kwenye ile rili inayozungushia uzi pembeni. Krapi na blugili hawaupendi kabisa. Tiba ya bure: kabla ya kuvua, ning'iniza mshipi na kiuzito tu, ujifungue mpaka utulie, kisha ukishusha, vuta uzi kwa mkono badala ya kuzungusha rili kila mara. Tiba ya kununua ni rili ya gurudumu, ile inayotoa uzi moja kwa moja bila kuupinda, au kiungo kidogo cha kuzunguka futi moja juu ya jigi.

Kama haizunguki na bado anakataa, punguza. Mshipi wa pauni 8 (yaani uzito unaoweza kuuhimili bila kukatika) unaofaa mtumbwini ni kamba ya kufungia mbuzi kwa blugili wa Januari. Shuka hadi pauni 2 au 3. Wolai pauni 6 zinamtosha. Jigi iwe ya tungsteni, kwa sababu ni nzito kwa umbo dogo, inashuka haraka na kuunyoosha uzi. Funza mmoja badala ya watatu. Damu ya samaki imepoa, tumbo linasaga polepole, na hana haja ya kumeza mkate mzima.

Halafu kimo. Macho ya hawa samaki yameelekea juu na mbele. Chambo kikiwa chini yao hawakioni, kwa hiyo daima kiwe juu yao futi moja au mbili. Akianza kupanda, mnyanyulie polepole, kama unayemvuta kuku kwa punje. Akikufuata inchi sita, mara nyingi atakula. Watu hufanya kinyume: wanaona samaki kwenye sona, wanamwangushia jigi kichwani.

Kuhusu kuchezesha, mimi nilikuwa nachezesha kupita kiasi. Inua kwa nguvu mara mbili kumwita kutoka mbali, lakini akishafika tetemesha kidogo tu, kisha tulia. Sekunde kumi za utulivu ni ndefu mno kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ndiyo maana hakuna anayezifikisha.

Kwenye kina kifupi chini ya barafu safi isiyo na theluji, kosa laweza kuwa ni miguu yako tu. Kila hatua inasikika. Pia shimo lililosafishwa vizuri linashusha nguzo ya mwanga chini kama taa ya jukwaani; rudishia humo chenga za barafu kidogo, liwe na kivuli.

Dalili ya tatu: chambo kinaliwa, ncha haitikisiki

Unavuta, ndoano iko uchi. Au funza amebaki ngozi tupu.

Siku ile ya kuchungulia niliona hili pia. Blugili alifungua mdomo, jigi ikaingia yote, ikatoka. Muda wa kupepesa jicho. Ncha ya kijiti haikusogea hata unywele. Tangu hapo nimeacha kungoja mshtuko wa kusikia mkononi. Tumia waya laini wa springi kwenye ncha, ule unaoinama kwa uzito wa jigi peke yake, na utazame mambo mawili: ukiinama zaidi, vuta, ukinyooka, vuta pia. La pili ndilo watu hawalijui. Krapi hula akipanda, anaibeba jigi juu, na mshipi wako unalegea. Ukiona umelegea bila sababu, kuna mtu ameushika.

Wa boya wajue hili: maboya ya dukani karibu yote ni makubwa mno. Ongeza chubwi ndogo ndogo juu ya uzi mpaka boya libaki likielea kwa shida, likiguswa lizame. Kama linarudi juu kwa kiburi ukilibonyeza, samaki anaiona nguvu hiyo na kutema.

Kagua pia mshipi wenyewe. Uzi wa mwaka jana kwenye baridi hukaa kama springi ya kitanda. Samaki anavuta, mikunjo inanyooka kwanza, wewe huku juu hupati habari. Uvute kwa mikono kati ya watu wawili kabla ya kuanza, au badilisha kila msimu. Ni pesa kidogo.

Na chambo kilichoganda kikagandamuka hakifai. Ukitoa jigi nje ukaongea na simu dakika mbili, funza amekufa. Mweke mwingine. Kopo la funza hukaa mfuko wa ndani wa koti, kifuani. Kumbuka kulitoa ukirudi nyumbani. Mimi nilisahau mara moja, na kwa heshima ya mke wangu sitaeleza zaidi. Wenye visamaki hai wasibebe maji ya ziwa wakiondoka, sheria ya hapa hairuhusu. Mwageni, mjaze maji ya chupa au ya bomba, ila visamaki visiangukie kwenye maji yenye joto tofauti sana.

Dalili ya nne: namnasa, simwoni

Akiponyoka katikati ya kina, ndoano ni butu au funza wamefunika ncha yake. Ijaribu kwenye ukucha: ikiteleza, inole au itupe.

Akiponyoka mdomoni mwa shimo, tatizo ni haraka. Ukingo wa chini wa barafu ni kisu. Mlegezee, mwache azunguke, ngoja kichwa kielekee juu ndipo umwinue kwa mwendo mmoja. Breki ya rili huganda pia. Ivute kwa mkono mara kwa mara uone kama inaachia. Mshipi ukikatika kana kwamba umepigwa wembe, huyo alikuwa paiki, funga kipande cha waya mbele ya ndoano na utoboe shimo la inchi 10.

Dalili ya tano: jana walikuwepo, leo hakuna hata mmoja

Angalia saa kwanza. Jana ulivua saa ngapi? Kisha angalia kama hewa imebadilika usiku. Baada ya wimbi kali la baridi na anga jeupe, samaki huzubaa, nami huchukua jigi ndogo kuliko zote nikashuka karibu na sakafu. Lakini mara nyingi wamesogea tu, hatua thelathini, na vibanda kumi vilivyokujia asubuhi baada ya habari zako za jana ndivyo vilivyowasogeza. Rudi kwenye mstari wa mashimo.

Dalili ya sita: umechoka kabla ya samaki

Hii haimo kwenye mazungumzo ya wavuvi, ila iko nyuma ya nyingine zote. Nilipoambiwa nitoboe mashimo 15 nilicheka, maana la nne tu lilikuwa limenitoa jasho lililogandia mgongoni. Nililaumu umri. Yule mzee akaichukua keekee yangu, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye makali ya visu na kutikisa kichwa. Nilikuwa na tabia ya kuibamiza chini kwenye maegesho ya kokoto na kuipumzisha humo ndani ya gari juu ya chuma.

Keekee yenye makali hutoa vipande vipana kama vya nazi iliyokunwa na hujivuta yenyewe chini. Butu hutoa unga na hulazimika kukandamizwa. Usivinoe kwa jiwe la jikoni. Pembe ikikosewa kidogo haikati tena. Nunua seti mpya, zifunike kwa kifuniko chake kila ukimaliza shimo la mwisho, na ukirudi nyumbani zikaushe kabla ya kuziweka stoo. Jumamosi iliyofuata nilitoboa mashimo 14 kabla ya jua kupanda. Kwenye la tisa kulikuwa na krapi.